Viko Kumi na Viwili Visivyo na Muhuri

Zélie Burdet aliisoma ile kadi mara mbili, akavua miwani, akaifuta kwa pindo la aproni yake, akaisoma mara ya tatu. Maneno hayakubadilika. *Viko kumi na viwili, mwaka 1916. Fundi: Anselme Morvandet.*

"Nani kaandika uongo huu?" akauliza.

Watu wote ukumbini wakageuka. Wanakamati walikuwa wamefika asubuhi hiyo kupanga meza za maonyesho, maana Pentekoste ilikuwa inakaribia, na mwaka huo wa 1969 mji wa Saint-Claude ulitarajia wageni kutoka Paris, London na hata Copenhagen, watu waliopenda viko vya kizamani vya kuvutia tumbaku kuliko watoto wao. Mwenyekiti wa kamati, Gaspard Morvandet, mwanamume mnene mwenye tai ya rangi ya damu ya mzee, aliweka chini nyundo aliyokuwa akigongea misumari.

"Nimeandika mimi, Bi Zélie. Kuna tatizo?"

"Lipo. Babu yako hakuvichonga hivi."

Viko vyenyewe vilikuwa vimepangwa mstari mmoja juu ya kitambaa cheusi. Vilipatikana mwezi wa tatu, wakati karakana ya zamani ya Morvandet kando ya mto ilipokuwa ikibomolewa. Wajenzi walivikuta juu ya dari, ndani ya sanduku la mbao, kila kimoja kimefungwa kipande cha gazeti la Novemba 1916. Kumi na viwili, vinavyofanana kama yai na yai: shingo nyembamba, bakuli lililoinama mbele kidogo kama mtu anayesikiliza. Havikuwa na muhuri wa karakana wala wa duka, wala hata namba. Hilo peke yake halikumshangaza mtu. Maelfu ya viko yalitoka mjini pale bila alama yoyote, wanunuzi wa ng'ambo wakaenda kugonga mihuri yao wenyewe. Kilichowashangaza watu ni uzuri wavyo.

Zélie alikuwa na umri wa miaka sitini na moja, na arobaini na moja kati ya hiyo aliimaliza kwenye gurudumu la kung'arishia. Mng'arishaji ndiye mtu wa mwisho kukishika kiko kabla hakijaenda sokoni, na ndiye anayeyaona makosa ya wote waliomtangulia. Akachukua kiko kimoja, akakipindua, akakisogeza dirishani.

"Njoo uone. Hapa chini, shingo inapoungana na bakuli. Gurudumu halifiki hapa, kwa hiyo mikwaruzo ya tupa hubaki. Unaiona imelalia wapi?"

Gaspard akainama, akakunja uso. "Kulia."

"Kulia. Anayeshika tupa kwa mkono wa kulia, mikwaruzo yake hulalia kushoto. Vyote kumi na viwili ni hivihivi, nimevipitia. Aliyevichonga alikuwa mashoto. Babu yako alikula kwa mkono wa kulia, akaandika kwa wa kulia, na makofi aliyowapiga watu pale karakanani yalitoka mkono huohuo."

Mtu mmoja akacheka, akajifanya anakohoa. Gaspard hakucheka.

"Basi tuambie, Bi Zélie. Kama si babu, ni nani?"

Zélie alikuwa akilisubiri swali hilo tangu mwezi wa tatu. "Mama yangu," akasema. "Léontine Burdet. Wanaume walipokwenda vitani wanawake ndio walioshika tupa na mashine za kukereza. Mama alikuwa mashoto. Masista wa shule walimchapa miaka minne wakitaka kumbadilisha, wakashindwa."

"Maneno matupu."

"Ni maneno, ndiyo. Nipe muda niyathibitishe."

"Kadi zinakwenda kwa mchapaji Ijumaa ya wiki ijayo," Gaspard akasema, akiokota nyundo yake. "Wageni watatoka London, mimi niwasimulie habari za mikwaruzo! Ijumaa, Bi Zélie. Baada ya hapo sitaki kusikia."

Alhamisi Zélie alirudi na kikapu. Ndani yake mlikuwa na vipande vitano vya mzizi mgumu wa mti unaochongewa viko, vimechongwa nusunusu. Vitatu vilipigwa tupa na Mzee Firmin Jaillon, mkerezaji mstaafu wa miaka sabini na saba, ambaye mkono wake wa kulia bado ulikuwa imara kama jiliwa. Viwili vilipigwa na mke wa mwenye bucha, aliyejulikana mtaani kote kwa kukata soseji kwa mkono wa kushoto. Zélie alivitikisa kikapuni, akavimwaga mezani mbele ya Gaspard, akamkabidhi kioo cha kukuzia.

"Chagua mwenyewe. Vya mashoto ni vipi?"

"Mimi si fundi."

"Ndiyo maana nakupa wewe. Fundi ungesema amekuonea."

Gaspard alitaka kukataa, ila wanakamati walikuwa wameshajikusanya, Mzee Firmin kati yao. Akaanza kupindua kimoja kimoja, jasho likimtoka juu ya mdomo. Hakuchukua dakika mbili. Akavisukuma viwili upande, na vilikuwa ndivyo. Halafu, bila kuambiwa, akanyanyua kiko kimoja cha sandukuni, akakiweka karibu ya vile viwili. Mikwaruzo ililala upande mmoja. Akarudisha kioo.

"Sawa," akasema kwa sauti ya chini. "Si babu." Akachukua kalamu. "Léontine... Burdet ni T mwishoni? Haya. Yaishe."

Zélie aliteremka ngazi za ukumbi akihisi miguu yake ni ya msichana.

Jumapili alipanda basi kwenda kwa kaka yake Aimé, kijijini juu mlimani. Alikuwa na jambo moja tu la kumwomba. Mwaka 1917 mama yao alichonga kiko akampelekea baba yao mstari wa mbele. Baba hakurudi, kiko kilirudi, pamoja na saa na barua ya mama iliyosema *hiki nimekichonga mwenyewe, usikipoteze*. Aimé alikiweka miaka yote ndani ya kabati la vyombo. Zélie alitaka kukiweka kwenye maonyesho karibu na vile kumi na viwili, ili watu waione kazi ya mama yake yote kwa pamoja.

Walikula kwanza: viazi, soseji ya kuvutwa moshi, jibini ambayo Aimé aliikata vipande vinene kama matofali. Kisha akamletea kiko. Zélie akafungua kitambaa alichobebea kimoja kati ya vile kumi na viwili, akavilaza vyote viwili kwenye meza chini ya dirisha, akachomoa mirija ya kuvutia moshi.

Akaviinamia, pua karibu na meza, mpaka Aimé akauliza, "Umelala?"

"Hapana."

"Mikwaruzo vipi?"

"Mikwaruzo imelalia kulia. Mama alikuwa mashoto, hilo halina ubishi." Akakigeuza kiko cha mama. "Lakini angalia tundu la moshi. La mama limetokea pembeni ya bakuli, limekwenda mshazari. Hili limetokea katikati kabisa, chini kabisa. Angalia ulimi wa mrija, huu unaoingia shingoni. Wa mama ni mfupi, ncha butu. Huu ni mrefu, umepunguzwa ncha pole pole. Sasa angalia upande wa mdomoni. Mama amepasua kwa msumeno mara moja tu, mstari mmoja. Hapa kuna mipasuo mitatu inayokutana, kama unyayo wa kuku. Vyote kumi na viwili vina unyayo wa kuku."

"Labda alibadilisha mtindo."

"Mwaka 1916 achonge kumi na viwili bila kosa, halafu 1917 asahau tundu linapita wapi?"

"Alikuwa na haraka. Mume yuko vitani."

"Aimé."

"Zélie, nisikilize." Kaka yake akasogeza kiti. "Gaspard amekubali, wewe mwenyewe umeniambia. Mama amekufa. Huyo babu amekufa. Ukinyamaza nani ataumia?"

"Aliyevichonga."

"Naye amekufa!"

"Unajuaje?"

Aimé akatupa mikono hewani, akaenda kuwalisha sungura.

Kwenye basi la kurudi Zélie alikaa nyuma peke yake, mkoba wenye viko vyote viwili mapajani. Hakulia, lakini kila kona basi lilipoyumba alijisikia kama mtu aliyeteleza kwenye ngazi. Jumatatu asubuhi alifika ukumbini kabla ya wenzake. Kadi mpya ilikuwa imeshawekwa mahali pake, kwa mwandiko mzuri wa Gaspard. *Fundi: Léontine Burdet.* Katika maisha yake yote mama yule jina lake halikuandikwa popote isipokuwa kwenye daftari la mishahara na kwenye kaburi. Na sasa lilikuwa hapa, kwa wino mweusi, na herufi zake zilikuwa nzuri. Ingetosha Zélie avae koti aende nyumbani.

Akaichukua kadi, akaifudikiza juu ya kitambaa, akatoka kumtafuta Mzee Firmin.

Alimkuta kwenye ua wa nyumba yake akipanda maharage. "Mzee Firmin, uliporudi kutoka vitani ulikuta mashoto mwingine karakanani kwa Morvandet? Mbali na mama?"

Firmin aliendelea kufukia mbegu. Alifukia mstari mzima kabla ya kunyoosha mgongo.

"Nilikuwa naomba usiniulize," akasema. "Alikuwepo. Alikuwa amekaa kwenye benchi langu."

"Nani?"

"Rosalba. Mtaliano. Mumewe alikufa kwenye handaki la reli, akabaki na mtoto. Nilirudi Februari 1919, msimamizi akamwambia, amka, mwenyewe amerudi. Akakusanya vitambaa vyake akaamka. Wakampeleka kupanga maboksi. Hata mwezi haukuisha, akaondoka." Akajifuta udongo mikononi. "Nilirithi na tupa zake. Zilikuwa zimelika upande usio wa kawaida. Nilizilaani wiki nzima."

"Na Alhamisi ulikaa pale ukanyamaza?"

"Wewe ulikuwa umefurahi, binti. Na mimi ni mwoga. Nilikwenda kupigana Verdun lakini kwa mambo haya ni mwoga."

"Alikwenda wapi?"

"Oyonnax, kwenye vitana. Nilimwona mara moja sokoni kule, kabla ya vita vya pili. Nilijificha nyuma ya gari la kabichi."

Kesho yake asubuhi Zélie alipanda treni kwenda Oyonnax, mji wa viwanda vya vitana, vifungo na fremu za miwani. Alichokuwa nacho ni jina moja bila ukoo. Aliuliza kanisani, padri hakujua. Aliuliza kwenye duka la tambi, mwenye duka akamwambia Rosalba anaowajua yeye ni wanne, mmoja ana miaka sita. Aliuliza kwa fundi viatu, mzee wa Kiitalia asiye na meno, naye akanyanyua uso.

"Mashoto? Anayevuta kiko?"

"Anavuta kiko?"

"Kama garimoshi. Rosalba Pezzotti. Ghorofa ya pili, juu ya kiwanda cha fremu. Gonga kwa nguvu, yeye husema hasikii."

Zélie aligonga kwa nguvu. Mlango ulifunguliwa na bibi mdogo wa mwili, miaka sabini na mitatu hivi, nywele nyeupe zimebanwa juu, kiko mdomoni. Nyuma yake sufuria ya ugali wa mahindi ya njano ilikuwa ikitokota.

"Kama ni mambo ya dini, nina yangu," akasema.

"Si dini, mama. Mimi natoka Saint-Claude."

Macho ya Rosalba yakabana. "Kule nilishamaliza."

Zélie hakujua aanzie wapi, kwa hiyo akafungua kitambaa. Bibi yule hakuliangalia bakuli wala shingo. Alikichukua kiko, akachomoa mrija, akaugeuza, akachungulia upande wa mdomoni. Halafu akacheka, kicheko kifupi cha mtu aliyekutana na jirani wa zamani asiyempenda sana.

"Viko vingapi vimebaki?"

"Vyote. Kumi na viwili."

"Mzee Morvandet alisema amevichoma." Akasogea pembeni. "Ingia. Ugali huu ukishikana chini nitakulaumu wewe."

Ndani, Zélie aliketi na kusema jambo ambalo alilifanyia mazoezi njia nzima. "Mama, samahani. Nakuamini, lakini imani yangu haitoshi. Nilishaamini nikakosea. Nataka unionyeshe."

Akatoa mkobani mirija mitatu mipya ya mpira mgumu mweusi, ambayo upande wake wa mdomoni haujapasuliwa, msumeno mwembamba kama kucha, na tupa ndogo.

"Mtoto huyu ana adabu mbaya," Rosalba akaiambia sufuria. Lakini alivuta kiti. Vidole vyake vilikuwa vimepinda kama tangawizi. Akashika mrija wa kwanza kwa mkono wa kulia, msumeno kwa wa kushoto, akaanza. Mpasuo wa kwanza ulikwenda sawa. Wa pili, msumeno ukateleza, ukingo ukavunjika.

"Si lazima leo," Zélie akasema.

"Nyamaza."

Mrija wa pili nao ulivunjika. Rosalba akatoa tusi la Kiitalia, akaenda kuloweka vidole ndani ya maji ya moto, akarudi, akaegemeza kiwiko mezani. Mrija wa tatu ulichukua karibu nusu saa. Ugali ulishikana kweli, ukaanza kunuka, wala hakuna aliyeinuka. Mwishowe akapuliza unga mweusi, akausukuma mrija mezani. Mipasuo mitatu ilikutana ndani, laini, kama unyayo wa kuku.

"Tumbaku ya wakati wa vita ilikuwa imejaa maji," akaeleza. "Tundu likiwa na mlango mmoja, moshi unakuja kama moto juu ya ulimi. Nikafungua milango mitatu. Hakunifundisha mtu."

"Kwa nini kumi na viwili? Kwa nini havina muhuri?"

Rosalba akawasha kiko chake upya. "Ilikuwa sheria ya karakana. Ukitaka kuitwa fundi kamili, unachonga viko kumi na viwili vinavyofanana, nje ya saa za kazi. Nilichonga miezi mitano. Nikampelekea Morvandet mkubwa. Akavipima vyote, akasema kazi ni safi. Halafu akasema, nikigonga muhuri wa fundi kwenye kazi ya mwanamke, tena Mtaliano, wanaume wakirudi watanila nyama. Akatangaza havijulikani vimetoka kwa nani."

"Na watu wakakubali?"

"Aliwauliza mmoja mmoja mbele yangu. Akamfikia aliyeving'arisha, kwa sababu yeye ndiye aliyevipokea kutoka mkononi mwangu. Mama mmoja mrefu, mashoto kama mimi, tukikaa pamoja tulikuwa hatugongani viwiko. Akamuuliza, Léontine, viko hivi umevipokea kwa nani? Akasema, sijui, bwana."

Zélie akavua miwani. "Léontine Burdet?"

"Unamjua?"

"Ni mama yangu."

Rosalba akatoa kiko mdomoni. Hakuomba radhi, wala hakuyarudisha maneno.

"Alikuwa na watoto wawili na mume vitani," akasema. "Kesho yake alinikuta mlangoni, akanipa nusu nzima ya mviringo wa jibini, wakati ule wa njaa. Hakusema neno. Na mimi sikusema. Nikaila na mwanangu wiki mbili." Akainuka kuangalia sufuria. "Ningekuwa na watoto wawili sijui ningejibu nini. Lete sahani, tule upande ambao haujaungua."

Ijumaa kamati ilikutana saa nne. Gaspard alipoiona kadi iliyofudikizwa alikuwa tayari amekasirika, na Zélie alipomaliza kueleza alikuwa amesimama.

"Kwanza babu yangu. Halafu mama yako. Leo Mtaliano wa Oyonnax! Wiki ijayo itakuwa nani, Baba Mtakatifu? Bi Zélie, wewe ndiye uliyetuambia ni mama yako. Ulituapia!"

"Nilikosea."

"Na sasa hukosei?"

Zélie aliweka mezani mrija wa mama yake, mrija wa sandukuni, na ule mpya wa Rosalba, pamoja na ile miwili iliyovunjika. "Kioo unacho," akasema. "Alhamisi uliweza. Weza na leo."

Kisha akawasimulia yote, hata lile swali na lile jibu, *sijui, bwana*. Alilisema polepole, neno kwa neno.

Mzee Firmin ndiye aliyetangulia. "Mimi nimeishi na waongo wengi," akasema. "Sijamwona anayedanganya ili amwaibishe mama yake. Na benchi lile nililichukua mimi. Andika jina la yule mwanamke, Gaspard, kabla sijafa."

Gaspard alikuwa ameinamia mirija. Alipoinuka alikuwa mwekundu mpaka masikioni. "Wageni wakiniuliza kwa nini havikugongwa muhuri, nitasema nini? Nimvue babu yangu nguo mbele ya watu wa London?"

"Wewe ukiulizwa utajibu unavyotaka," Zélie akamwambia. "Mimi nikiulizwa nitajibu nilivyosikia. Lakini jina litaandikwa leo. Lisipoandikwa, nabeba mirija hii mitano na kikapu changu cha Alhamisi, nasimama pale mlangoni siku ya Pentekoste, na kila anayeingia nitamfundisha mikwaruzo."

Walimjua. Miaka arobaini na moja kwenye gurudumu hakuwahi kukosa siku. Gaspard akavuta kadi mpya.

Pentekoste Rosalba alikuja na treni ya asubuhi, amevaa koti jeusi na viatu vya binti yake. Ukumbi ulikuwa umejaa. Mwanamume mmoja wa London alikuwa amepiga magoti mbele ya kabati la kioo, akinong'ona peke yake. Watu wakampisha bibi. Akasogea mpaka pua ikagusa kioo, akaisoma kadi, midomo ikimchezacheza. Zélie alikuwa kando yake.

"Pezoti," Rosalba akasema kwa sauti ambayo hata walio nje waliisikia. "Nani huyu Pezoti?"

"Mama?"

"Z mbili. T mbili. Nimengoja miaka hamsini na mitatu niwe Pezoti?"

Ilikuwa kosa la mchapaji, lakini Gaspard hakusema hivyo. Alikuja mwenyewe, akafungua kabati, akatoa kadi, akaomba kalamu. Akaegemea ukutani kuandika upya, na bibi akamsimamia begani akimhesabia herufi. "Ya pili. Haya. Sasa T. Nyingine." Alipomaliza bibi akampa mkono, wa kushoto. Gaspard akatoa wa kulia kwanza, akaurudisha, akatoa mwingine.

Mchana, watu walipokwenda kula, Rosalba alikaa kwenye benchi mbele ya ukumbi, akavuta kiko chake kwenye jua. Zélie akatoka na trei ya mbao, akaiweka kati yao. Ilitoka kwenye makabati ya chini. Humo mlikuwa na viko vingine karibu mia tatu visivyo na alama, vimelala miaka na miaka, kila kimoja na karatasi ndogo iliyoandikwa *hajulikani*.

"Umechoka?" akauliza.

"Nimechoka tangu 1919. Lete."

Zélie akampa cha kwanza, kiko kizito chenye bakuli la duara. Rosalba akachomoa mrija, akachungulia tundu, akapitisha kidole gumba chini ya shingo, taratibu, akifumba macho.

"Huyu alikuwa na chongo," akasema. "Alitoboa akiwa amegeuza kichwa, ndiyo maana tundu limekwenda juu. Alikaa dirishani, karibu na jiko. Alikuwa anaimba vibaya sana. Ngoja... jina lake lilianza na O."

Zélie alikuwa ameshatoa penseli.